Uzigua Si Jangwa: Kutoka Korogwe hadi Kwaluguru

Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65, na habari yote ya maji ya Uzigua imo humo. Inaanzia penye mto. Pangani, uliokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kupita bwawa la Nyumba ya Mungu, unafika Korogwe ukiwa na rangi ya udongo, katikati ya mashamba ya mkonge na migomba. Ukiupa mgongo ukaelekea kusini, kijani kinaanza kuchujuka. Vichaka vinakuwa vifupi na vya miiba, magunia ya mkaa yamejipanga kando ya barabara yakiwa yamezibwa midomo kwa majani, na madumu ya njano yanaongezeka kila kituo. Mengine yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, mengine yamepangwa foleni mbele ya kioski cha maji ambacho hakijafunguliwa, na kila dumu lina alama ya mwenyewe: herufi iliyochorwa kwa rangi, kitambaa kwenye mkono, gunzi la muhindi mahali pa kifuniko. Abiria wa mara ya kwanza husema tumeingia jangwani. Nimeipita njia hii na kuendelea hadi kata ya Kwaluguru nikiwa na ramani mbili, moja ya mito na nyingine ya wilaya, na kadiri ninavyozilinganisha ndivyo ninavyozidi kuona kwamba abiria hao wanakosea. Mbingu ina sehemu yake katika ukame wa Handeni, lakini sehemu kubwa zaidi ni ya utawala: jinsi nchi hii ilivyotenganishwa na pwani yake, na jinsi mipaka yake ilivyopangwa bila kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayolaumiwa kwanza. Handeni hupata wastani wa milimita 800 hadi 1,000 kwa mwaka, katika misimu miwili, vuli na masika. Dodoma, makao makuu ya nchi yanayopokea wakazi wapya kila mwaka, hupata chini ya milimita 600. Pwani za jangwa zenyewe ziko mbali kabisa na viwango hivyo: Berbera, kwenye Ghuba ya Aden, haifikishi milimita 100. Hata ndani ya Mkoa wa Tanga, penye ukavu halisi si Handeni bali tambarare ya Mazinde na Mkomazi, chini ya Usambara, ambako milima imekinga mvua itokayo baharini. Ng'ambo ya pili ya milima hiyo, Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000. Na bado katika tambarare hiyo kavu ya Korogwe, Mombo inalima mpunga, kwa kuwa mto Soni unaoshuka kutoka Lushoto ulichimbiwa mifereji na mifereji ikawekewa utaratibu wa zamu. Mvua ya Mombo haiizidi ya Kwaluguru. Iliyoizidi ni kazi iliyofanywa juu ya maji.

Najua jibu linalokuja hapa: Mombo ina mlima nyuma yake, Kwaluguru haina. Ni kweli, na siwezi kuipuuza. Ardhi ya Handeni ni mawimbi ya vilima vidogo, mito yake ni ya msimu, na jua la Januari linaramba maji ya lambo kabla ng'ombe hawajamaliza kunywa. Mvua nayo hukosea tarehe. Mwaka mmoja vuli inashuka yote kwa wiki tatu, mwaka mwingine haishuki. Lakini hali ya namna hiyo ndiyo inayodai mipango ya pamoja kuliko nyingine zote. Kijiji chenye chemchemi kinaweza kuishi bila kujua jirani anafanya nini. Kijiji kinachotegemea maji ya mvua yanayotiririka kutoka kilima cha kata nyingine hakiwezi. Pale ambapo maji ni ya msimu, kosa la mpaka linaumiza zaidi, na Uzigua umepata makosa ya mipaka kwa zaidi ya miaka mia moja.

Maana nchi hii ilikuwa na pwani. Katika karne ya 19 Uzigua ulienea kutoka milima ya Nguu upande wa magharibi mpaka baharini, kati ya mito Pangani na Wami, na bandari zake zilikuwa Pangani na Saadani. Nafaka ya bara ilishuka kwenda kwenye miji hiyo na kuvuka hadi Unguja. Mvua ilipokosekana, wenye nguvu wa bara waliokuwa na mazoea ya biashara na watu wa pwani walipata chakula na silaha, na watu wao walijikusanya kwao. Mfungamano huu ulionekana wazi vitani. Bwana Heri wa Saadani alipopigana na Wajerumani kati ya 1888 na 1890, wakati Abushiri bin Salim akiongoza Pangani, nguvu yake ilitegemea Wazigua wa nyuma ya pwani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Baada ya hapo, pwani na bara vikaanza kupangwa katika mafaili tofauti. Wakati wa Waingereza Bagamoyo, pamoja na Saadani, ilikuwa ya Jimbo la Mashariki, na hadi leo Saadani imo Mkoa wa Pwani, wakati Pangani na Handeni zimo Mkoa wa Tanga. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa 2005, inagusa mikoa yote miwili. Mkulima wa kata za kusini mwa Handeni yuko karibu na bahari ya Saadani kuliko alivyo karibu na mji wa Tanga, lakini shauri lake la ardhi, barabara na maji lazima lipande kwanza kaskazini.

Sitaki kuipamba zamani hiyo. Pwani ileile iliyonunua mahindi ilinunua pia watu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walijikuta wamefika pwani kutafuta chakula, wakaishia kupakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini mpaka bonde la mto Juba, Somalia. Anayesema kwamba uhusiano wa zamani na pwani haukuwa baraka tupu anasema kweli. Ninachodai ni kwamba uhusiano ule ulikuwa ni mfumo wa kukabiliana na mwaka mbaya, na ulipovunjwa haukuwekwa mwingine mahali pake. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 juu ya Handeni kati ya 1840 na 1940, ameonyesha jambo hili kwa kina kisichopatikana kwingine. Wakuu wa zamani waliweka akiba ya chakula, waliwavuta watu kukaa pamoja, na watu waliokaa pamoja walifyeka vichaka, na vichaka vilipofyekwa mbung'o hawakuwa na pa kukaa. Ukoloni uliwanyang'anya wakuu hao mapato na madaraka, ukadai kodi, ukachukua wapagazi na vibarua. Watu wakatawanyika, vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi navyo, ng'ombe wakafa. Njaa za mwisho wa miaka ya 1890 na za miaka ya 1930 zikaikuta nchi haina ghala wala ng'ombe. Pori ambalo maofisa wa baadaye waliliona kama hali ya asili ya Handeni lilikuwa kwa sehemu kubwa matokeo ya kazi ya maofisa waliowatangulia.

Upande wa Korogwe utawala ulifanya kinyume chake, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi wangu wa pili. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, mmea wa nchi kavu za Mexico, ulipandwa kwanza karibu na Pangani, ukapanda bonde mpaka Korogwe na Mazinde. Reli iliyoanza Tanga mwaka huohuo wa 1893 ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi ikafikiwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Bonde likapata reli, umeme na miji, kwa sababu kulikuwa na mali ya kuvuna na kusafirisha. Handeni ikabaki kuwa mahali pa kutoa vibarua wa mkonge na kodi ya kichwa. Hakuna mvua iliyoamua hivyo. Aliyeamua ni yule aliyepanga reli ipite wapi.

Uhuru ulikuja na nia tofauti, na nia hiyo naiheshimu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu wa Handeni kwa sababu ileile ya zamani, kwamba watu waliotawanyika ni vigumu kuwafikishia shule, zahanati na bomba. Katika miaka hiyo likajengwa bomba kuu la Handeni, linalojulikana kila mahali kwa herufi HTM, ambalo linachota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mitambo kupanda hadi Handeni, iliyo juu kwa mamia ya mita. Hilo ndilo tendo kubwa la kwanza la serikali kukiri kwamba Handeni na Korogwe ni nchi moja kimaji. Lakini mitambo ilizeeka, mabomba yakapasuka, na idadi ya watu ikaongezeka kuliko uwezo wa bomba. Lilihudumia watu wa pande kadhaa, na kwa muda mrefu bajeti za kulikarabati hazikutosha. Sasa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimewekwa pamoja katika mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na mikataba yake ilisainiwa 2022. Naupokea mradi huu kwa furaha kubwa. Naomba tu usirudie historia: bomba likijengwa kwa pamoja, litunzwe kwa pamoja.

Kwa maana wakati bomba linavuka mipaka, mipaka yenyewe imekuwa ikizaana. Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002, makao makuu yakiwa Songe. Mji wa Handeni una halmashauri yake, nje yake iko Halmashauri ya Wilaya ya Handeni. Korogwe vivyo hivyo, mji mbali na wilaya mbali. Sasa fuata maji. Kilindi ina vilima vya Nguu, na sehemu ya mito yake, kama Lukigura, inateremkia Wami. Msangazi unakusanya maji ya Handeni na kuyapeleka moja kwa moja baharini, wilayani Pangani. Korogwe ni ya mto Pangani wenyewe. Matokeo yake ni kwamba maji yanayoanguka juu ya kilima kimoja yanaweza kuwa ya wilaya mbili na ya mabonde mawili. Kwaluguru, kata ya watu wanaochimba visima vifupi mchangani mto unapokauka, haina sauti juu ya msitu unaokatwa mkaa juu yake, na kata iliyo chini yake haina sauti juu ya lambo ambalo Kwaluguru ingejenga.

Watetezi wa kugawa wilaya wana hoja yenye uzito. Katika sensa ya 2012, eneo lililokuwa wilaya moja ya Handeni kabla ya 2002 lilihesabiwa watu wapatao 590,000. Mama wa Kilindi aliyelazimika kusafiri siku nzima kufuata ofisi ya mkuu wa wilaya ana haki ya kufurahia ofisi hiyo ilipohamia Songe. Sipingi hilo hata kidogo. Hati ya ardhi, cheti cha kuzaliwa, ukaguzi wa shule, yote hayo yanafaidika ofisi ikisogea. Maji hayafaidiki, kwa sababu hayaishi ofisini; ukikigawa chanzo mara mbili, ofisi mbili zinapata mamlaka nusunusu na hakuna yenye wajibu mzima. Mtu anaweza kutaka wilaya ndogo kwa ajili ya watu na eneo kubwa kwa ajili ya maji, bila kujipinga.

Kisha ataniuliza mwingine: bodi za mabonde ni za nini basi? Tanzania ina mabonde tisa ya maji, na ofisi ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, ilianzishwa 1991 ikiwa ya kwanza nchini. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji iliimarisha mfumo huo. Ni kweli, na ni moja ya mambo mema ambayo nchi yetu imeyafanya. Lakini bodi hutoa vibali vya kutumia maji na kulinda vyanzo. Kuyafikisha maji kijijini ni kazi ya vyombo vingine. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019, umepangwa tena kwa mikoa na wilaya. Hivyo anayelinda maji anafuata mto, na anayeyasambaza anafuata mpaka. Bonde la Pangani lenyewe lina shida ambayo haiwezi kutatuliwa na Handeni kuchota zaidi: juu kuna mashamba ya umwagiliaji na miwa, katikati kuna mitambo ya umeme ya Hale, ya 1964, na ya Maporomoko Mapya ya Pangani, ya 1995, na chini, mto ulipopungua nguvu, maji ya chumvi yamepanda kutoka baharini na kuathiri mashamba ya watu wa mdomoni mwa mto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya Handeni lazima itoke kwenye mvua ya Handeni yenyewe, kwa malambo yaliyopangwa kwa mfuatano wa vijito, mwenye kilima na mwenye bonde wakikaa meza moja.

Utaratibu huo si ndoto. Oman, ambako familia nyingi za pwani yetu zina ndugu, ni nchi ya pwani ya jangwa kweli. Huko mifereji inayoitwa aflaj imegawa maji kwa karne nyingi, na UNESCO iliorodhesha mitano kati yake mwaka 2006, mmoja ukiwa Al-Jeela, wilaya ya Sur, karibu na bahari. Kila mfereji una msimamizi wake, na haki ya mtu hupimwa kwa muda, kwa vipande vya takriban nusu saa ambavyo zamani vilihesabiwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Mamlaka yanafuata mfereji. Najua Oman ya leo ina mafuta na mitambo ya kuondoa chumvi baharini, lakini aflaj zilikuwapo kabla ya tone la kwanza la mafuta, katika nchi yenye mvua kidogo mno kuliko ya Kwaluguru.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko Handeni kwenyewe, nao ni makazi ya wakimbizi ya Chogo. Vizazi vya wale Wazigua waliopelekwa Juba katika karne ya 19 viliihifadhi lugha, na vita ya Somalia ilipozuka 1991 baadhi yao walirudi. Walikaa kwanza Mkuyu, kisha Chogo ilipofunguliwa 2003, na wengi wamepewa uraia. Watu hawa walitoka katika nchi yenye mvua pungufu kuliko hii, na kule walikuwa wakulima wa mahindi na ndizi, kwa sababu mashamba yao yalikuwa kandokando ya mto mmoja. Msomera, kijiji kingine cha Handeni, inashuhudia kwa njia yake. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa huko, katika eneo lililokuwa Pori Tengefu la Handeni. Uhamisho huo una mabishano mazito, ya waliohamishwa na ya waliokuwapo pale kabla yao, na haifai kuyapitia juujuu. Ninachotaka kionekane ni kimoja tu: serikali ilipoamua kwamba watu waishi Msomera, nyumba, shule, josho na maji vilifika kwa muda mfupi. Pori lile halikubadilika mvua. Kilichobadilika ni uamuzi.

Na uamuzi unaweza kuvuka wilaya ukitaka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na katika mkoa huu linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Hakuna aliyesema mafuta yasimame mpakani mwa Kilindi kusubiri bajeti ya Handeni. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo nayo inajengwa, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto Pangani, na italeta pwani karibu na nchi iliyoikosa kwa zaidi ya karne. Hizi ni fursa za kupanga upya bila kubadilisha jina la wilaya hata moja.

Ombi langu kwa Kamati ya Ushauri ya Mkoa wa Tanga ni hili. Kabla ya kupokea pendekezo lingine la kugawa wilaya au kata, itandike mezani ramani ya Msangazi kuanzia vilima vya ndani hadi baharini. Iwaite wenyeviti wa vijiji vyote ambavyo mto huo unapita, wa Handeni na wa Pangani, pamoja na bodi ya bonde na RUWASA. Ipange malambo kwa mfuatano wa maji, si kwa mfuatano wa kata, na itenge fungu moja la kuyatunza. Kwaluguru iwe miongoni mwa wa kwanza kuitwa.